Mtoto Akinyweshwa Pombe Nyumbani, Nani Anajibu?

(Mazungumzo na vijana, Ukunda, baada ya Swala ya Isha. Tumeyaandika kwa ajili ya waliokosa kufika.)



Vijana wenzangu, kaka na dada zangu wa Tiwi, Diani, Kinondo, Msambweni, Lunga Lunga mpaka Vanga, shukran kwa kukaa. Najua wengine kesho mna kazi alfajiri, kwa hivyo nitakwenda moja kwa moja.

Mwezi wa tano mwaka 2024, Mombasa na Kilifi zilitangaza marufuku ya muguka. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha, na Pwani nzima ikabishana. Maskani, misikitini, ndani ya feri pale Likoni, kila mtu ana lake la kusema. Sawa, tulikuwa na haki ya kusema. Lakini kuna kitu kimoja hatukukigusa wakati ule na hatukigusi mpaka leo: chupa iliyo ndani ya friji ya nyumbani, na dumu la mnazi linalowekwa nyuma ya jikoni siku ya harusi. Hilo tunalipita kimya. Manake liko nyumbani, na nyumbani kwa mtu, tunavyodhani, sheria haiingii.

Basi swali la leo ni hili. Kijana wa miaka 15 amepewa pombe nyumbani kwao. Hakwenda baa, hakununua dukani. Aliyempa ni babake, au mjombake, au kakake. Je, kuna kosa la kisheria? Na kama lipo, ni la nani?

Ukiuliza maskani utapata majibu matatu. Wa kwanza atakwambia, "Kosa ni la mwenye baa, nyumbani ni kwake mtu." Wa pili atasema, "Mzazi ana haki ya kumlea mwanawe anavyotaka." Wa tatu atasema, "Huyo ashabaleghe, ajibebe mwenyewe." Majibu yote matatu si sahihi, na kila moja linaweza kumtia mtu pabaya. Hebu tuyachukue moja moja.

Tuanze na la mwenye baa. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, wengi tunaijua kwa saa zake. Baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, na saa tano usiku ifungwe. Wengine mnajua pia kuwa baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule. Lakini sheria hiyo hiyo ina katazo jingine ambalo watu hawalisomi: mtu asimuuzie, asimpelekee wala asimpe kileo yeyote aliye chini ya miaka 18.

Sikilizeni vizuri hapo. Kuuza, kupeleka, kutoa. Kama sheria ingetaka kumshika mwenye baa peke yake, ingetaja kuuza na kunyamaza. Imetaja na kutoa, na mtu hutoa bure. Tena haikusema mwenye leseni. Imesema mtu. Baba ni mtu. Mjomba ni mtu. Kaka wa miaka 19 aliyemwambia mdogo wake "onja kidogo uwe mwanamume" naye ni mtu.

Na msidhani sheria ile inazungumzia bia na pombe za chupa peke yake. Tafsiri yake ya kileo inachukua kila kinywaji kilichochacha au kilichokenekwa kinachoweza kumlevya mtu. Mnazi umo. Chang'aa imo. Kwa hivyo ule usemi wa kwamba "mnazi ni wa kienyeji, ni wa mila" hauna kinga yoyote kortini mnywaji akiwa mtoto.

Sisi Waislamu hili lisitushangaze. Katika mafundisho yetu, mwenye dhambi ya pombe si mnywaji peke yake. Anayekamua, anayebeba, anayebebewa, anayemimina, anayeuza na anayekula thamani yake, wote wametajwa. Tulifundishwa madrasa tukiwa wadogo. Sheria ya nchi imefika kwa njia yake, lakini inapokuja kwa mtoto imeangalia mkono ule ule: mkono unaompa.

Sasa hebu tujiangalie sisi vijana, manake mkono huo mara nyingi ni wetu. Wewe unaendesha bodaboda. Unapigiwa simu usiku, mzigo ni chupa, upeleke nyumba fulani ya kukodisha kule ufuoni Diani. Unafika, anayefungua mlango ni mtoto wa kidato cha pili na wenzake. Ukimkabidhi, ni wewe uliyepeleka. Au wewe ni mlinzi, au mtunza nyumba, mabosi wamekwenda Nairobi, watoto wao wamebaki na wanakutuma dukani. Mia mbili ya chai inaweza kukuweka kizimbani, na bosi aliyekuajiri hatakuwa karibu siku hiyo. Omba kuona kitambulisho. Asiye nacho, rudi na mzigo wako. Hasara ya safari moja utaifidia kesho.

Twende kwenye jibu la pili, haki ya mzazi. Ni kweli mzazi ana haki na mtoto wake. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 53, imeiweka haki hii upande wa mtoto. Mtoto ana haki ya kulindwa na dhuluma na kupuuzwa. Ana haki ya malezi na ulinzi wa wazazi, na jukumu hilo ni la baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Na katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ikaondoa ile ya 2001, na ndani yake kulea ni wajibu: kumlisha, kumsomesha, kumtibu, kumwongoza, kumlinda. Hakuna mahali panaposema mzazi anaweza kutoa ruhusa mwanawe anywe pombe.

Hapa Diani kuna jambo la ziada. Tunaishi na wageni wengi, na familia za mchanganyiko, baba Mjerumani mama Mdigo. Utasikia mtu akisema, "Kwetu mtoto hunywa divai mezani na wazazi." Huenda hasemi uongo. Ujerumani, kijana wa miaka 14 akiwa na mzazi wake anaruhusiwa bia au divai hata mkahawani, na akifika 16 anajinunulia mwenyewe. Uingereza, katazo la kumpa mtoto pombe nyumbani linahusu aliye chini ya miaka mitano. Hizo ni sheria za kwao, na zinabaki kwao. Akishatua Ukunda, anayemfuata ni sheria ya Kenya, awe na pasipoti ya rangi gani. Na nyinyi mnaofanya kazi katika nyumba hizo, msikubali kuambiwa "kwetu ni sawa". Kwao ni kwao.

Na dada zangu, hili nalisema kwa uzito. Mwaka 2006, serikali na UNICEF walitoa utafiti kuhusu watoto na utalii wa ngono Pwani yetu, Diani ikiwemo. Walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa kwa njia hiyo. Mtu mzima anayemmiminia msichana wa miaka 15 glasi nyumbani kwake hamkirimu mgeni, anamlegeza. Na Sheria ya Makosa ya Ngono, ambayo pia ni ya 2006, haimsikilizi akisema "alikubali, alikuwa amelewa". Msichana wa miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Wa miaka 16 na 17, hakipungui miaka 15. Mzazi anayejua binti yake ananyweshwa nyumba fulani na akanyamaza kwa sababu kuna pesa inaingia, huyo ajue ameingia kwenye shimo refu kuliko la pombe.

Sasa jibu la tatu, "ashabaleghe". Hili huwachanganya wengi kwa sababu lina ukweli nusu. Katika dini, ukibaleghe kalamu imeanza kuandika, na dhambi zako ni zako. Ni sawa. Lakini hilo ni baina yako na Mola wako. Halimtoi mzazi jukumu, na wala si kipimo cha korti. Korti inauliza ametimia miaka 18 au hajatimia. Ndevu hazihesabiwi, urefu hauhesabiwi, kuwa ameacha shule na anavua samaki Gazi hakuhesabiwi. Kama hana cheti cha kuzaliwa, daktari anaweza kuombwa akadirie umri wake. Na msikia mazungumzo ya miaka 21 msichanganyikiwe. Sera ya taifa iliyozinduliwa mwezi wa saba mwaka 2025 ilipendekeza umri wa kunywa upandishwe ufike 21, na uuzaji wa pombe kwa mtandao upigwe marufuku. Sera ni mapendekezo. Mpaka Bunge libadilishe sheria, mstari ni 18.

Basi, je, kila mzazi ambaye mwanawe amelewa ni mhalifu? Hapana. Na hapa lazima tuwe waadilifu, manake maneno haya yakitoka hapa vibaya, kesho kutwa kina mama watatishwa bure.

Kuna mzazi aliyetoa. Yeye ndiye aliyemimina, au aliyenunua akijua watoto watakunywa. Huyo amevunja sheria ya vileo moja kwa moja. Adhabu ni faini au kifungo, au vyote viwili.

Kuna mzazi aliyefumba macho. Hakumimina, lakini anajua. Anajua Ijumaa usiku sebule yake ni pati ya watoto wa kidato cha tatu, naye yuko chumbani anaangalia tamthilia. Anajua mwanawe wa miaka 13 ndiye anayetumwa mangweni kila jioni na akirudi ananuka. Huyu anaweza kujibu shtaka la kumtelekeza au kumpuuza mtoto chini ya Sheria ya Watoto. Si lazima awe amegusa chupa.

Na kuna mzazi aliyedanganywa. Mtoto alisema anakwenda kulala kwa nyanya, akaenda pati. Mama alipojua alitafuta, aliuliza, alikwenda kwa chifu. Huyu hana kosa. Sheria haimtaki mzazi awe malaika, inamtaka awe mzazi. Tofauti kati ya wa pili na wa tatu ni moja tu: alifanya nini baada ya kujua.

Na mtoto mwenyewe je? Watu wengi hapa wanadhani mtoto akikutwa amelewa ni wa kupigwa na kufungwa. Sivyo. Sheria ya 2022 imesema aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwa na hatia ya jinai kabisa. Na mtoto anayetumia vilevi huingia katika kundi la watoto wanaohitaji ulinzi na matunzo. Kesi yake ni ya Afisa wa Watoto na Mahakama ya Watoto. Haiendi kwa Kadhi, manake Katiba kifungu cha 170 imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mahakama ya Watoto inaweza kumwita mzazi, ikamtaka atoe ahadi rasmi ya kumwangalia mwanawe, na hali ikiwa mbaya ikamweka mtoto mahali pengine penye usalama.

Ndugu zangu, nimefika pale ninapopaogopa zaidi. Hofu ya kesi inaweza kuua.

Tuchukue mfano. Harusini, kijana wa miaka 14 ameshindana na wenzake kunywa. Ameanguka. Hazinduki ukimwita, anapumua polepole, mwili umekuwa baridi, anatapika akiwa usingizini. Wakubwa wanaanza kunong'ona: "Tukimpeleka hospitali tutaulizwa nani alimpa. Mlazeni ndani, pombe itatoka asubuhi." Wallahi, maneno hayo ndiyo yanayochimba makaburi. Mwili wa mtoto ni mdogo na pombe humzidi upesi. Anaweza kupaliwa na matapishi yake au kuacha kupumua huku nyinyi mnasubiri jua. Na kama kinywaji kilichanganywa na kemikali, mambo ni mabaya zaidi. Mwezi wa pili mwaka 2024, watu 17 walikufa Kirinyaga kwa pombe ya aina hiyo, na wale walikuwa watu wazima.

Kwa hivyo mlaze kwa ubavu, si chali. Asiachwe peke yake hata dakika. Usimlazimishe kutapika, usimpe kahawa, usimmwagie maji baridi. Mkimbize hospitali iliyo karibu, iwe kituo cha afya cha Diani au hospitali ya rufaa ya Msambweni, na mwambie daktari ukweli amekunywa nini na kiasi gani. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Kesi ina wakili, ina rufaa, ina msamaha. Kifo hakina rufaa. Na aliyempa akiogopa kesi, basi wewe kijana uliyesimama hapo usiogope, mbebe.

Sasa tuje kwa polisi. Sisi tunaijua hali yetu na askari hapa Kwale, na sheria nzuri ikishikwa na mkono mbaya hugeuka biashara. Utasikia, "Mzee, mwanao amelewa, hii ni kesi kubwa, toa elfu tano tuyamalize." Usitoe. Hongo ni kosa la pili juu ya la kwanza, na mtoto hajasaidika. Mtoto akikamatwa, Katiba inasema kumzuia ni hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi uwezekanao, na asichanganywe na watu wazima. Anayekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, ya kunyamaza, ya wakili, na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti kama muda huo umeishia wikendi. Uliza kitabu cha matukio, andika namba ya kesi, omba Afisa wa Watoto aitwe. Na tafadhali, usimpige mtoto picha amelewa ukaitupa mtandaoni. Aibu yake haitakupa thawabu, na picha ile itamfuata mpaka siku anatafuta kazi.

Hilo linanipeleka kwa neno jingine. Tusitoke hapa tukaenda kuvamia mangwe za watu. Kwale si ya Waislamu peke yetu. Kuna jirani zetu ambao pombe kwao si haramu, na mtu mzima ana haki ya kuishi anavyoamini. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, na kwa kazi hiyo analipa karo. Ugomvi wetu si na mti wake. Ombi letu kwake ni moja: mtoto akija na dumu, hata akisema "nimetumwa na baba", amrudishe mikono mitupu. Na leseni za vileo Katiba imezipa kaunti, kwa hivyo penye mangwe au baa inayouzia watoto, malalamiko yaandikwe, yapelekwe kaunti na kwa chifu, nakala mbaki nayo. Karatasi hupigana vizuri kuliko rungu.

Na nyumbani kwetu je, sisi ambao hatunywi? Tusijidanganye kwamba haituhusu. Dumu la harusi mara nyingi huletwa "kwa ajili ya wageni". Basi kabla ya harusi, vijana wa nyumba semeni na wazee kwa adabu: "Baba, mjomba, safari hii isiletwe. Na wageni wakija na yao, isikae mahali watoto wanapopita." Mzee anaweza kukufokea. Mwambie sheria inamtazama yeye, si wewe, na kwamba unamlinda. Mzazi hukosolewa kwa heshima, lakini hukosolewa.

Hifadhini namba mbili kwenye simu zenu. 116 ni ya kusaidia watoto. 1192 ni ya NACADA, kwa mtu anayetaka kuacha pombe au dawa za kulevya, au familia yake. Zote hazilipishwi. Na wewe mdogo wangu wa miaka 15 au 16 uliyekuja leo, kama nyumbani ndiko unakonyweshwa, jua kwamba kosa si lako. Nenda kwa mwalimu, kwa ustadh, kwa shangazi unayemwamini, kwa Afisa wa Watoto. Kusema si kumvunjia mzazi heshima.

Mtoto ni amana. Siku ya kuulizwa ipo kortini, na ipo nyingine kubwa kuliko hiyo. Mola atuhifadhie wadogo zetu, awape wazazi wetu busara, na atupe sisi ujasiri wa kusema wakati mkono umeshika chupa na mtoto amenyoosha kikombe.

Karibuni kwa maswali. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.